Hisa Iliyodhoofika na Riziki ya Mstaafu

Mhadhara mbele ya hadhira ya wastaafu, Shinyanga



Mas'ala niliyotakiwa kuyazungumzia ni mafupi kuyataja na mazito kuyaamua. Mtu amekwisha staafu, mshahara umekoma, naye ana hisa za kampuni fulani alizozinunua zamani kwa tamaa halali ya kupata gawio kila mwaka. Kisha gawio likapungua, au likakatika kabisa, na bei ya hisa ikateremka chini ya ile aliyoinunulia. Je, azishike au aziuze? Swali hili kijana huweza kulichukulia kwa wepesi, maana akikosea ana miaka thelathini ya kuchuma tena. Lakini aliyetimiza miaka sitini hana miaka hiyo, na kwa hiyo haki yake ni kupewa jawabu lenye hoja, si la kumliwaza.

Tangu tarehe 1 Julai 2022, kikokotoo cha mafao kilipowekwa kuwa asilimia 33 ya mkupuo na iliyobaki kulipwa mwezi kwa mwezi, na hata baada ya Serikali kutangaza mwezi Juni 2024 kwamba waliokuwa wakipokea asilimia 50 watapewa 40, na waliokuwa wakipokea 25 watapewa 35, fedha anayoipokea mtumishi wa lile kundi la asilimia 50 siku ya kuagwa ni haba kuliko ile aliyokuwa ameihesabia ujanani. Maadamu mkupuo umepungua, kila mali nyingine aliyo nayo mstaafu, ikiwa ni nyumba ya kupangisha, shamba la mpunga au hisa, imezidi kuwa na kazi ya kufanya, na iliyolala usingizi sharti iulizwe kwa nini imelala.

Kizuizi cha kwanza cha uamuzi mwema ni ile bei ya kununulia. Mwenye hisa alizozinunua kwa shilingi 850, akiziona leo ziko chini ya hapo, husema, "Nitauza zikirudi 850." Namba hiyo nimeitaja kwa makusudi, kwa sababu ndiyo bei waliyouziwa wananchi hisa za Vodacom Tanzania mwaka 2017, na wengi wa walionunua wakati ule walikaa miaka mingi wakiitazama bei ikiwa chini yake. Soko halijui wewe ulinunua kwa kiasi gani, wala halina deni nawe. Bei ile ya zamani ni habari ya jana, nayo haina auni yoyote kwa anayetaka kujua kama kampuni itamlipa kesho. Atakayeshika hisa, na azishike kwa kuwa leo, kwa bei ya leo, na kwa umri wake wa leo, angekuwa radhi kuzinunua. Na kama asingekuwa radhi, basi anachokishika ni majuto yake, wala majuto hayatoi gawio.

Sasa nataka tuzitazame habari mbili zilizotokea katika miaka ileile, nchi ileile, chini ya Serikali ileile, ambazo kwa macho ya mwenye hisa wa mwaka 2017 zilifanana sana, na natija yake haikufanana hata kidogo.

Ya kwanza ni ya hapa kwetu. Kampuni iliyokuwa ikiitwa African Barrick Gold iliorodheshwa katika soko la London mwaka 2010, ikaorodheshwa pia katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwezi Desemba 2011, na mwaka 2014 ikabadili jina ikawa Acacia. Migodi yake mikubwa ilikuwa Bulyanhulu na Buzwagi katika nchi ya Kahama, na North Mara kule Tarime. Mwezi Machi 2017 Serikali ikapiga marufuku kusafirisha makinikia, yaani mchanga wa madini, nje ya nchi. Makontena 277 ya makinikia yakazuiliwa Dar es Salaam. Kamati ya uchunguzi ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa taarifa yake mwezi Mei, ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata mwezi Juni, na mwezi Julai kampuni ikapelekewa hesabu ya kodi, riba na adhabu iliyofikia dola bilioni 190. Bei ya hisa ikaporomoka, gawio likasimama, na kabla ya mwaka kwisha kazi za Bulyanhulu zikapunguzwa. Mzozo ukaendelea hadi mwezi Septemba 2019, kampuni mama, Barrick, ilipozichukua hisa zote ambazo haikuwa nazo, kwa kutoa hisa 0.168 ya Barrick kwa kila hisa moja ya Acacia. Mwenye hisa 1,000 za Acacia akawa mwenye hisa 168 za kampuni ya Kanada, na Acacia ikafutwa katika orodha ya masoko. Baada yake ikaundwa Twiga Minerals, ambamo Serikali ina asilimia 16.

Ya pili ni ya benki ya CRDB, ambayo hisa zake waliuziwa wananchi kwa shilingi 150 mwaka 2009. Faida yake baada ya kodi ilishuka kutoka takriban shilingi bilioni 74 mwaka 2016 hadi takriban bilioni 36 mwaka 2017. Gawio lililokuwa shilingi 10 kwa hisa likawa shilingi 5. Na bei ya hisa ikateremka mbali chini ya ile 150, hata ikazungukia 100. Chukueni mwalimu mstaafu mwenye hisa 10,000. Kwa mwaka 2017 alistahili shilingi 50,000, na baada ya kukatwa asilimia 5 ya kodi ya zuio inayotozwa gawio la kampuni zilizoorodheshwa sokoni, akabaki na 47,500, fedha isiyomaliza hata ada ya mjukuu mmoja katika shule ya kulipia. Nani angemlaumu kama angeziuza kwa hasira? Walakini gawio la mwaka 2018 likawa shilingi 8, la 2019 likawa 17, la 2020 likawa 22, la 2021 likawa 36, la 2022 likawa 45, na la 2023 likawa 50. Mwalimu yuleyule, hisa zilezile 10,000, mtaji wake wa shilingi 1,500,000, kwa mwaka huo mmoja alipokea 475,000 baada ya kodi. Na benki ya NMB iliyopunguza gawio lake kutoka shilingi 104 hadi 64 katika kipindi kilekile ilifika 361 kwa mwaka 2023.

Atakayesema kwamba haya yameonekana baada ya tukio, na kwamba mwaka 2017 hapana aliyekuwa nabii, amesema kweli. Nami simtaki mstaafu awe nabii. Namtaka aulize neno moja tu ambalo mwaka ule lilikuwa na jawabu la wazi: gawio limepungua kwa sababu gani?

Sababu ya benki ilijulikana. Serikali ilikuwa imeamuru fedha za mashirika yake zihamishiwe Benki Kuu tangu mwanzo wa mwaka 2016, biashara zilikuwa zimebanwa, wakopaji wakashindwa kulipa, na mikopo chechefu ikabidi itengewe fedha kutoka katika faida. Ni maradhi, tena maradhi makali, lakini ni yale ambayo benki zimeyapata na kupona mara nyingi duniani. Na zaidi ya hayo, hata katika mwaka mbaya kabisa benki ile ilitengeneza faida na ikagawa kidogo ilichoweza. Sababu ya Acacia nayo ilijulikana, nayo ilikuwa ya namna nyingine. Dhahabu duniani haikuwa imeanguka. Wateja hawakuwa wametoweka. Kilichokuwepo ni mzozo kati ya kampuni na dola juu ya asili ya mapato yenyewe, mzozo usio na tarehe ya kwisha, ambao mwenye hisa mdogo hakuwa na kiti mezani pake. Mimi sina haja leo ya kuhukumu nani alikuwa na haki katika shauri la makinikia. Nasema tu kwamba mtu anayekula kwa gawio hawezi kungojea shauri lisilo na tarehe. Kijana angeweza, na huenda angefaidika, kwa kuwa mwezi Agosti 2020 wakia ya dhahabu ilipita dola 2,000 na waliopewa hisa za Barrick wakaona bei ikinyanyuka; lakini kati ya Machi 2017 na siku ile mstaafu wa Kakola alikuwa amekula miaka mitatu na zaidi.

Nimeitaja Kakola kwa kuwa iko mlangoni pa Bulyanhulu, na kuna dhana imeenea katika ukanda wetu kwamba aliye jirani na mgodi ndiye aujuaye. Kuyaona malori yakipita, kuzifahamu zamu za wachimbaji, kusikia baruti alfajiri, yote haya ni maarifa ya kweli, lakini si maarifa ya hesabu za kampuni. Hesabu zimo katika taarifa ya mwaka, katika ukurasa unaoonyesha fedha taslimu zilizoingia na zilizotoka, na hapo ndipo mstaafu, au mwanawe aliyesoma, anapaswa kukaa na kalamu na kutazama mambo mawili: shughuli za kampuni zimeingiza fedha taslimu kiasi gani, na gawio lililolipwa ni kiasi gani. Kampuni inayolipa gawio kubwa kuliko fedha inayoiingiza, aghalabu inakopa ili ikufurahishe, au inakula mtaji wake.

Na hapa hisa ya mgodi ina jambo lake la pekee ambalo sisi tuliozaliwa juu ya mwamba wa dhahabu tungepaswa kulijua kuliko watu wote. Kiwanda cha saruji au benki, ikiendeshwa vema, huweza kudumu karne, lakini mgodi unakwisha. Tulawaka, kule Biharamulo, ulianza mwaka 2005, na mwaka 2013 mwekezaji wake akauacha mikononi mwa shirika la Serikali, STAMICO. Golden Pride ya Nzega ilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya tisini, ikafungwa 2014. Buzwagi ilianza 2009 na uchenjuaji wake ukafikia tamati 2021, miaka kumi na miwili tu, ambayo ni pungufu ya umri ambao Mungu akipenda mstaafu wa miaka sitini atauishi baada ya kuagwa. Mwadui yetu, ambayo John Williamson aliigundua almasi yake mwaka 1940, ni ya ajabu kwa kudumu kwake, na hata hiyo imebadilisha mikono mara kadhaa na kusimama zaidi ya mara moja. Maana yake ni kwamba gawio la mgodi limechanganyika: sehemu ni faida, na sehemu ni mwamba wenyewe unaorudishwa kwako vipande vipande. Anayelitumia lote kana kwamba ni faida tupu, anakula shina pamoja na matunda, wala hajui.

Kuna hatari nyingine ambayo naiona ikitusibu sisi wa Kahama na Geita zaidi ya watu wa Dar es Salaam, nayo ni kuweka kila kitu juu ya kitu kimoja pasipo kutambua. Mtu alifanya kazi mgodini miaka kumi na mitano. Kiinua mgongo chake kikajenga vyumba vya kupangisha mjini, ambavyo wapangaji wake ni wafanyakazi wa mgodi. Mkewe akafungua duka linalouza kwa wafanyakazi wale wale. Kisha kwa kuupenda mgodi uliomlea akanunua na hisa za kampuni ya dhahabu. Kwa hesabu yake ana vyanzo vinne vya riziki. Kwa hesabu yangu ana kimoja. Siku mgodi ukifungwa, kodi ya vyumba itapungua, duka litanyamaza na gawio litakoma, yote katika msimu mmoja. Mtu huyu hata kama hisa zake ziko katika hali njema ningemshauri aziuze, au auze sehemu kubwa, kwa sababu ambayo haihusiani na ubora wa kampuni hata chembe: ana dhahabu ya kumtosha katika matofali ya nyumba zake.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kuuza ni kutamka tu. Sivyo. Mchimbaji mdogo anayeingia na gramu zake katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa mwezi Machi 2019 na kuwa la kwanza nchini, hupimiwa, hufanyiwa hesabu ya mrabaha, na hutoka na fedha yake. Hisa haina mnunuzi aliyekaa dirishani akikungoja. Dalali anaiandika oda yako, naye ofisi yake aghalabu iko Dar es Salaam. Oda inakaa ubaoni hadi atokee mtu wa upande wa pili. Na katika soko letu zipo hisa ambazo bei yake inasomwa ileile wiki kwa wiki, miezi kwa miezi, kwa sababu hapana aliyenunua wala aliyeuza. Bei hiyo unayoiona gazetini ni kumbukumbu ya muamala wa mwisho, haikuahidi kitu. Acacia yenyewe, kwa ukubwa wake wote London, biashara yake Dar es Salaam ilikuwa haba mno. Kwa hiyo mstaafu anayengojea augue ndipo auze, ameingia sokoni akiwa dhaifu. Atapokea bei yoyote atakayopewa, tena huenda akaipokea akiwa amekwisha toka hospitali.

Wasukuma wameijua dawa ya jambo hili zamani, nayo ni ngitili: sehemu ya malisho inayofungwa masika, ng'ombe wasiiguse hata kama majani yake yanawatamanisha, ili kiangazi kikali kikifika mfugaji asilazimike kupeleka mifugo yake mnadani siku ambayo kila mtu anauza. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulipoturudishia nchi iliyokuwa karibu kuwa jangwa, haukuleta maarifa mageni, uliyaamsha haya. Fedha ya mstaafu nayo yataka ngitili yake: matumizi ya nyumba ya mwaka mmoja na nusu au miwili, yakiwa katika akaunti ya akiba, au katika Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS ambamo fedha hurudishwa kwa siku chache za kazi. Aliyekwisha kuitenga anaweza kukaa na kutafakari kama CRDB yake itapona. Asiyeitenga hana hiari ya kushika. Na kama ndiyo hali yako, basi uza kwanza kiasi cha kuitengeneza, kabla hatujafika katika swali la ubora wa kampuni.

Fedha ikishatoka katika hisa iende wapi? Wengi huuza hisa dhaifu, kisha wakaipeleka fedha kwa jirani mwenye duara la dhahabu linalokaribia kutoa, au katika upatu wenye jina jipya, ilhali kilio cha upatu wa DECI cha mwaka 2009 hakijasahauliwa. Pima kila hisa unayotaka kuiacha kwa kipimo kimoja kilicho karibu, nacho ni hati fungani za Serikali, ambazo kwa shilingi 1,000,000 mwananchi huweza kuanza. Ile ya miaka 25 ilipoanza kutolewa mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, yaani shilingi 159,500 kwa mwaka kwa kila milioni, zikilipwa mara mbili. Baadaye riba za hati mpya zikapunguzwa. Basi uliza: milioni moja iliyoko katika hisa hii, kwa bei ya leo, inanipa gawio la kiasi gani, na hati ingenipa kiasi gani? Hisa iliyo nyuma ya hati inaweza kusamehewa kama kuna hoja ya kuamini kwamba gawio lake litakua, maana riba ya hati haikui na bei za sokoni zinapanda. Pasipo hoja hiyo, subira ya mstaafu ni sadaka anayoitoa kwa kampuni.

Na kabla sijafunga, neno la mirathi. Katika masanduku ya wazee wetu zimo hati za hisa za karatasi ambazo watoto hawazijui. Mzee akifariki, msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, hati zitafutwe, majina yasiyolingana yasahihishwe kwa viapo, na yote hayo kwa hisa ambazo pengine thamani yake haifikii nauli za kuzifuatilia. Hisa chache zilizotawanyika katika kampuni nyingi, kwa mtu wa miaka sabini na mitano, ni sababu tosha ya kuziuza au kuzikusanya, na zile zinazobaki ziwekwe katika akaunti ya amana sokoni, kwa jina lililo sawasawa na la kitambulisho cha taifa, na namba yake aambiwe mtoto mmoja anayeaminika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mwenye chakula cha miaka miwili kilichotengwa, mwenye hisa za kampuni ambayo bado inapata faida na fedha taslimu, na ambayo sababu ya kupungua kwa gawio lake anaweza kumweleza mwenzi wake wa ndoa kwa maneno machache akaeleweka, na azishike, akiandika katika daftari tarehe ya mwisho ya kungojea, isizidi hesabu za miaka miwili ijayo. Mwenye hisa ambazo hawezi kuzieleza hivyo, au zinazosimama juu ya mgodi uleule unaolipa kodi ya vyumba vyake, na azipeleke kwa dalali mwezi huu, ataje bei asiyokubali kushuka chini yake, aziuze kwa mafungu, na asiitazame tena ile bei ya kununulia.